Mkono wa Mlazo

Jumanne moja asubuhi, mjane wa Mlazo aliuona mwandiko wa mumewe kwenye ukuta ambao mumewe hakuwahi kuugusa.

Alikuwa akienda kazini, kwenye karakana ya kushona sare za shule, na njia yake ilipita nyuma ya ghala la mbao. Ukuta ule aliujua vizuri. Kila siku aliupita ameziba pua. Siku hiyo palikuwa na bango jipya lililopigiliwa misumari pembe zote nne, limeandikwa USIKOJOE HAPA. Maneno ya kawaida, tena ya kuchekesha. Lakini miguu yake ilikataa kwenda. Herufi zilikuwa ndefu na nene, zimebanana bega kwa bega, zote zimelalia mbele kama watu wanaokwenda kinyume na upepo. S ilikuwa na tumbo zito upande wa chini. K ilikuwa imetanguliza mguu. Hakuna mtu mwingine aliyeandika K ya namna ile, na huyo aliyekuwa akiiandika alikuwa na miezi saba kaburini.

Alitazama huku na huku kama mtu aliyefumaniwa. Mwanamume mmoja aliyekuwa akikokota baiskeli akamwambia kwamba bango lile linawahusu wanaume, yeye apite tu. Akapita. Kutwa nzima alishona kola ndani nje, akazifumua, akazishona tena.

Mlazo lilikuwa jina la kazi, nalo likalimeza lile la kuzaliwa. Kwa miaka ishirini na sita aliandika kwa brashi vibao vya maduka, milango ya malori, kuta za shule na mapipa ya maji. Mwandiko wake ulizaliwa na shida. Wenye maduka walitaka maneno mengi kwenye ubao mwembamba, kwa hiyo akazibana herufi. Walitaka zisomeke kutoka ng'ambo ya barabara, kwa hiyo akazinenepesha. Vile vimikia na vidole vya urembo ambavyo mafundi wengine walivipachika kwenye ncha, yeye alivikata vyote, akisema herufi haihitaji viatu. Na kwa nini zilale? Akiulizwa hivyo alijibu kwamba herufi iliyosimama wima ni kama mtu anayesubiri kuambiwa la kufanya, ila iliyolalia mbele inajua inakokwenda. Kisha mashine za kuchapa mabango ya plastiki zikaingia mjini, wateja wakamponyoka mmoja mmoja, na mapafu nayo yakachoshwa na miaka ya kuvuta harufu ya rangi.

Mjane alirudi nyumbani jioni ile kwa njia nyingine.

*

Nyumbani alikuwa na mama mkwe wake, wakiishi wawili kama vifaranga waliosahauliwa na mama yao. Mlazo alikuwa mtoto pekee wa yule bibi. Siku ya mazishi bibi hakutoa chozi. Alikaa kwenye kiti chake ametulia, kama mtu aliyealikwa kwenye shughuli ya jirani, na mara mbili aliuliza mwanawe anatoka kazini saa ngapi. Watu walisema ni mshtuko, utapita. Haukupita.

Bibi huyo hakuwahi kukaa darasani. Alipovuka miaka hamsini ndipo mwanawe alipomfundisha kusoma, akitumia vibao vyake mwenyewe vilivyoegeshwa uani vikauke. Gazeti hakuliweza. Barua za ofisini hakuziweza. Hata kitabu cha watoto chenye herufi za duara kilimshinda. Alisoma mkono mmoja tu duniani. Kwa hiyo wiki ileile, aliporudi kutoka kununua chumvi akasema kwa furaha kwamba leo amesoma, mkaza mwana wake aligeuka upesi.

“Umesoma nini, Mama?”

“Pale duka la viatu. Limefungwa, limeandikwa TUMEHAMIA UPANDE WA PILI.” Bibi alitabasamu, akaweka chumvi mezani. “Kumbe ndiyo maana haji. Amehama.”

Baada ya hapo mabango yakachipua mji mzima kama uyoga baada ya mvua. Zahanati ikapata lake, fundi simu akapata lake, hata choo cha kulipia hakikusahauliwa. Bibi alikuwa akitoka kila asubuhi, na mchana akirudi na maneno aliyoyaokota, akiyatoa moja moja kama mtu anayetoka posta na barua. TUPO NYUMA YA JENGO HILI. HATUFUNGI. INGIA BILA KUBISHA HODI. Mjane alijua fika kwamba ni matangazo ya watu wanaotafuta riziki. Lakini kila aliposikia yakitamkwa kwa sauti ile ya furaha, macho yake yalikwenda mlangoni yenyewe.

Alijaribu kujipa moyo kwamba kuna fundi anayemwiga marehemu. Akaenda mwenyewe kulichunguza bango la zahanati. Mwenye kuiga ana kigugumizi. Mkono wake husita kwenye kona. Herufi hizi hazikusita popote. Zilikuwa zake, na zilikuwa safi kuliko alivyoandika miaka ya mwisho, mkono ulipokuwa umeanza kutetemeka. Kana kwamba huko aliko amepona.

Majirani nao walikuwa na macho. Wakaanza kunong'ona kwamba marehemu hajatulia, na mwenye genge la mboga akawa anashusha sauti kila mjane anapokaribia. Siku moja mwenye duka la dawa alimkuta bibi mbele ya bango lake, akizipapasa herufi kwa kidole. Alidhani ni ombaomba, akampa sarafu ili asogee. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaileta nyumbani.

“Kuna kijana amenipa hii,” alisema. “Sijui ya nini.”

Mjane aliitazama sarafu ile mpaka chai yake ikapoa.

*

Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi, jirani yao alifika kwenye lango la karakana akihema. Alisema bibi ametoka tangu alfajiri na hajarudi. Amevaa gauni lake la sherehe. Mkononi amebeba shati la marehemu, limepigwa pasi na kukunjwa vizuri.

Mjane alikwenda kuomba ruhusa. Msimamizi wa karakana alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa miaka kumi, aliyekuwa akihesabu vifungo bila kuinua uso.

“Huyo bibi amepotea mara ngapi mwezi huu?”

“Ndiyo mara ya kwanza, dada.”

“Kwenu hakuna mwanamume wa kumtafuta?”

Cherehani kumi na mbili zikanyamaza kwa pamoja. Mjane alisema kwamba alikuwepo. Msimamizi akaendelea na vifungo vyake hadi akamaliza lile fungu, kisha akamwambia aende, ila nusu siku yake itakatwa, na mkasi auache mezani usije ukapotea na yeye. Mjane aliuweka mkasi pale mbele ya wenzake wote, akatoka.

Nje jua lilikuwa limewasukuma watu ndani, na mitaa ilikuwa mitupu. Hakujua aanzie wapi. Akaamua kufanya kama anavyofanya bibi: kusoma.

Hapo ndipo mji alioishi tangu usichana ulipomgeukia. Hakuwa amejua kwamba yameshakuwa mengi kiasi hicho. Kila alikotupa jicho, mkono wa mumewe ulikuwa umemtangulia. Kwenye lango la gereji ulimwambia asisimame. Kwenye nguzo ya umeme ulimwambia hatari. Juu ya duka la vitambaa ulimkaribisha, na upande wa pili wa duka hilohilo ulimuaga. Sauti moja, kuta mia. Aliolewa na mtu asiyependa maneno mengi, mtu ambaye jioni nzima angeweza kusema “nipe maji” na “lala salama” tu, na sasa hakukuwa na kona ambayo hakuwa akisema kitu. Mjane alijikuta anatembea huku ameinamisha macho, kama bi harusi, akiogopa kuitwa kwa jina.

Kwenye duka la dawa alisimama. Yule kijana wa sarafu alimtambua, akaona haya kidogo. Akasema ndiyo, bibi amepita asubuhi, naye hakuomba kitu. Aliuliza swali moja tu: nani amekuandikia? Kumbe ndivyo alivyokuwa akiuliza duka kwa duka, na kote jibu lilikuwa hilohilo. Bango limetoka kwa Bwana Turubai.

Mjane alilijua jina hilo vizuri. Mumewe ndiye aliyembandika yule bwana jina la Turubai, kwa kejeli, siku alipoleta mashine ya kwanza ya kuchapa mabango. Kwa miaka tisa watu wale wawili hawakusalimiana. Wakikutana njiani, mmoja alivuka barabara.

*

Duka la Turubai lilikuwa na vyumba viwili: cha mbele chenye kompyuta na kabati la mafaili, na cha nyuma chenye mashine. Mwenyewe alikuwa amesimama katikati, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, uso wake umekosa damu. Alipomwona mjane alishusha pumzi.

“Shemeji, afadhali umekuja. Yuko huku nyuma. Ameniambia amekuja kumchukua mwanawe, mimi nimeshindwa la kujibu.”

Chumba cha nyuma hakikuwa na mtu ila bibi. Mashine ilikuwa ndefu kama jeneza la mtu mrefu, na ndani yake kitu kilikuwa kikikimbia kushoto na kulia kwa sauti ya brashi inayosugua sakafu. Kwenye mdomo wake karatasi ngumu ya plastiki ilikuwa ikitoka polepole, na juu yake herufi zilikuwa zikizaliwa, vichwa kwanza, kisha mabega, kisha miguu. Hapakuwa na mkono unaoandika. Bibi alisimama mbele yake, shati amelikumbatia kifuani.

“Anakuja,” alisema bila kugeuka. “Tazama. Anakuja polepole.”

Mjane alitazama. Neno lililokuwa likitoka lilikuwa NARUDI.

Akamshika bibi mkono, na mkono ule ulikuwa wa moto. Turubai alieleza haraka kutoka mlangoni kwamba ni oda ya saluni, vibao vya kuning'iniza mlangoni mtu akitoka kula. Mashine ilimaliza neno la kwanza ikaanza la pili, na la pili lilikuwa NARUDI, na chini yake la tatu. Bibi aliyasoma yote kwa sauti, kila moja kama lilivyotoka. Alipofika la sita sauti ilipungua. La nane alilisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akainama karibu sana, akasogeza uso kutoka neno la juu kwenda la chini, akarudi juu.

Mjane alimgeukia Turubai. “Nani amekupa mkono wa mume wangu?”

Turubai alitoa faili nene kabatini, akaliweka mezani kwa mikono miwili. Alisema ni marehemu mwenyewe. Mwaka jana, miezi minne kabla ya kufa, Mlazo aliingia dukani humo bila salamu, akavuta kiti, akasema amesikia kwamba kompyuta inaweza kulishwa mwandiko wa mtu. Akaja kila siku kwa wiki sita, asubuhi hadi mchana. Alichora kila herufi kwa penseli kwenye karatasi kubwa, anafuta, anachora tena. R peke yake ilimla siku nne. S aliigombania mpaka Turubai akataka kumfukuza, maana alishikilia kwamba hata herufi inayokimbia lazima iwe na pa kukalia. Q na X alikataa kabisa kuzichora. Alisema hajawahi kuzihitaji maishani, mwenye kuzitaka ajichoree.

“Wiki sita,” mjane alisema. “Mwezi wa ngapi?”

Turubai alipoutaja mwezi, mjane alikaa chini. Mwezi ule mumewe alikuwa akiondoka kila asubuhi kwenda kliniki, akapewe hewa kwa mashine. Ndivyo alivyosema. Yeye alikuwa akimfungashia uji kwenye chupa, na alikuwa akimwona akirudi na ubavu wa kiganja umeingia weusi unaong'aa. Alipomuuliza, aliambiwa ni vyuma vya kitanda cha hospitali. Akaamini. Akamsugua kwa sabuni, kidole kwa kidole, weusi wa penseli.

“Hakwenda kliniki hata siku moja?”

“Sijui, shemeji. Hapa alikuwa anafika saa mbili.” Turubai alivua miwani. “Nilimlipa. Si nyingi, si haba. Alisema kuna paa la chumba linavuja.”

Paa lilikuwa la chumba cha bibi. Mumewe alisema ni mchango wa mafundi wenzake. Mjane alitaka kukasirika na hakujua amkasirikie nani, yule aliyezikwa au huyu aliyesimama mbele yake akipangusa miwani isiyo na vumbi.

“Mbona hukuniambia? Wiki hizi zote tunadhani tumerukwa na akili.”

“Alinikataza. Alisema mama yake akijua ameniandikia mimi, mimi niliyemuua kwa njaa, hatamtazama tena usoni.” Akavaa miwani yake. “Na kukuandama na habari hii msiba ukiwa mbichi, niliona aibu; hata herufi zenyewe nimeanza kuzitumia juzijuzi tu. Ukitaka nifute, nafuta sasa hivi. Mbele yako.”

Kabla mjane hajajibu, bibi alitokea mlangoni mwa chumba cha nyuma. Alikuwa amesikia yote au hakusikia kitu, haikujulikana. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta.

“Hiki ndicho kinachoandika?”

“Ndiyo, mama.”

“Kiambie kiandike MAMA.”

Turubai alibonyeza mara nne. Neno likajaza kioo chote, jeusi, nene, limelalia mbele. Bibi alilisogelea. Aliweka kidole kwenye A ya kwanza, akaifuata kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Kisha akaifuata A ya pili. Akarudia, mara hii polepole zaidi, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto gizani.

“Hizi ni moja,” alisema.

“Zote ni A, mama.”

“Najua ni A. Nasema ni moja. Na hii M ni ile.” Alimgeukia mkaza mwana wake, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi macho yake yalikuwa yanaona aliye mbele yake. “Mwanangu hakuwahi kuandika A mbili sawasawa. Ya mwisho alikuwa anaifikia amechoka, inapinda kidogo. Ilikuwa inapinda kila siku namna yake. Ndivyo nilivyokuwa najua leo amekula au hajala.”

Akaitazama tena kompyuta. Huko nyuma mashine ilikuwa imemaliza.

“Hii haichoki,” bibi alisema. “Basi amekufa.”

Akaanza kwenda chini. Mjane na Turubai walimdaka kila mmoja kwapa lake, wakamketisha sakafuni kwa sababu kiti kilikuwa mbali. Hapo kilio chake kikatoka, kilio cha mazishi kilichochelewa miezi saba, kikawatoa watu kwenye maduka ya jirani wakaja kusimama mlangoni na mikono vichwani, wakiulizana nani amefariki. Turubai hakuwafukuza wala hakuwaeleza. Alizima kompyuta, akakaa sakafuni upande wa pili wa bibi, na suruali yake nzuri.

Bibi alipotulia, mjane alisema alichokuwa ameamua. Herufi zisifutwe. Mtu aliyezificha hivyo hata kwa mkewe alikuwa anazitaka. Lakini zile karatasi za penseli ni zake, na anaondoka nazo. Turubai alimfungia faili kwa uzi, akawaitia bodaboda mbili, akalipa nauli mwenyewe. Mjane alimwachia alipe.

*

Jioni, jua likiwa bado uani, walikaa mkekani wakafungua faili. Karatasi zilikuwa zaidi ya mia mbili. Karatasi moja ilikuwa na A tupu, thelathini na kitu, nyingine zimefutwa nusu, nyingine zimekatwa kwa hasira, moja ina alama ya duara la kikombe cha uji. Bibi aliziangalia bila kuzisoma. Alikuwa na uso uliovimba, sauti imekauka, naye alionekana mzee kuliko asubuhi.

Mjane aliinuka akampikia uji, akauleta, akaukoroga upoe. Bibi alikunywa nusu bakuli, akalisukuma pembeni, akajifuta mdomo kwa upindo wa gauni lile la sherehe.

“Mwanangu,” alisema, “mimi siku ile nilikuwepo lakini sikuwepo. Niambie sasa. Alikufaje?”

Miezi saba mjane alikuwa na habari hiyo peke yake. Alikusanya karatasi, akaziweka kando ili zisipeperushwe. Akasogea mpaka magoti yao yakagusana.

“Aliamka mapema, Mama,” alianza. “Akaomba nimfungulie dirisha.”